Mama Pasi Avuka Geti

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pasi alifua na kunyoosha mashuka ya kambi ya watalii, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwaona wanyama ambao wageni walivuka bahari kuja kuwatazama. Simba alimjua kwa ngurumo, tembo kwa kinyesi kilichoachwa karibu na geti. Waliomzoea ni nyani tu, wezi wa sabuni.

Bintiye wa mwisho alipofaulu mtihani wa kuongoza watalii, meneja alimpa gari siku ambayo kambi haikuwa na mgeni, akajizoeze njia. Binti akaenda moja kwa moja hadi chumba cha kufulia, akapiga honi.

"Mama, panda."

"Na haya mashuka?"

"Yana miguu? Panda bwana!"

Mama Pasi akavua aproni, akapanda mbele.

Nyika ilikuwa imekauka kau, vumbi likitimka nyuma yao. Mama Pasi alimpungia twiga mkono kama jirani. Walipofika kwa pundamilia aliinuka kitini.

"Hebu ona mistari ilivyonyooka! Hawa kawapigia pasi nani?"

Saa sita mchana, wakikatiza mto mkavu, gari likazama mchangani. Binti akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazidi kujichimbia. Kabla hajashuka, vichaka vya ng'ambo vikatikisika, wakatokea tembo kumi na mmoja, kimya kabisa, kana kwamba wamevaa soksi.

"Mama, usipige kelele. Wala usiguse mlango."

"Niguse mlango, nimechoka kuishi?"

Jike mkubwa alisimama hatua ishirini kutoka kwenye gari, akawatazama, kisha akawapuuza. Alichimba mchanga kwa mguu na mkonga hadi maji yakachuruzika shimoni. Wakanywa kwa zamu. Mtoto wao mdogo akashindwa kungoja, akatumbukiza uso mzima, akapiga chafya. Mama yake akamsogeza kwa goti.

Mama Pasi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Hivyo hivyo," alinong'ona, "ndivyo nilivyokuwa nakuondoa bombani."

Tembo walipotokomea, binti aliinamia usukani. "Siku ya kwanza tu, nimeshakwamisha gari."

"Usingekwama tungewapita mbio. Hebu shuka."

Binti akakagua pande zote, wakashuka. Mama akavua viatu, akapiga magoti, akafukua mchanga kwa beseni la vyakula lililokuwamo garini. Wakatandika matawi chini ya magurudumu. Binti akarudi kwenye usukani, mama akasukuma kwa mgongo, mgongo wa miaka kumi na tisa ya maji na mashuka, na gari likachomoka likimmwagia vumbi mwili mzima.

"Vumbi hadi menoni?" binti aliuliza, akiangua kicheko.

"Hadi menoni!"

Jioni, paa za kambi zilipoanza kuonekana, Mama Pasi akamshika binti bega.

"Tuzunguke tena kidogo."

"Mafuta yamebaki kiduchu, mama."

"Basi nenda polepole."

Binti akapunguza gia.