Kamba ya Majani Kwenye Mlango wa Ngitili

Siku ya Jumatatu, tarehe 21 Aprili, mwaka 2025, Jumatatu ya Pasaka, Evalina alifungua kwa mikono yake mwenyewe kamba ya majani iliyofunga mlango wa ngitili ya ukoo wa mumewe. Akailaza kando ya njia, akijiambia kwamba jioni ataifunga tena.

Watu wa Kasoli wanaujua uzito wa jambo hilo. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, ili majani yakue bila kuguswa na jino la mnyama, hadi kiangazi kitakapowabana ng'ombe. Haina ukuta wala seng'enge. Ngitili hii ililindwa na kamba iliyosokotwa kwa majani na kutandwa kati ya migunga miwili, na heshima ya kila aliyeiona. Aliyeifunga ndiye mwenye ruhusa ya kuifungua. Lakini ikishafunguliwa, haifungwi tena mpaka mvua za msimu mwingine. Wazee waliweka sharti hilo kwa ajili ya haki, kwa kuwa zamani wenye ngitili waliwafungulia ndugu zao na kuwafungia majirani, hata watu wakatoana damu kwa fimbo. Ndipo wakakata shauri kwamba mlango uliofunguliwa kwa mmoja umefunguliwa kwa wote.

Evalina, ambaye ndiye aliyeifunga kamba msimu ule, alilijua sharti hilo kama alivyojua kusonga ugali. Lakini alikuwa amebanwa. Shemeji yake Bujiku, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akiwashawishi watu wa ukoo na wa kijiji kwamba ngitili igawanywe iwe mashamba ya pamba.

"Nionyesheni mtu aliyepeleka majani kwenye mizani ya pamba," Bujiku alipenda kusema, na watu walicheka.

Mkutano wa kuamua ulikuwa umepangwa kufanyika kiangazi. Evalina hakuwa na mali nyingine ila maksai wake wawili wa kulimia, ambao kila kiangazi waliponea ndani ya ngitili ile. Humo pia, chini ya mkuyu, mlikuwa na chemchemi ambayo haikuwahi kukauka, na wanawake wa mtaa mzima waliteka hapo visima vingine vilipobaki vumbi. Ngitili ikienda, maksai wangekwenda, na maji yangekwenda. Ukweli mmoja zaidi hakumwambia mtu: tangu alipofiwa, hapo ndipo mahali pekee alipokaa bila kufanya kazi, akisikiliza kwale, na moyo wake ukatulia.

Binti yake Jenipha, aliyeolewa Bariadi mjini, ndiye aliyeleta wazo.

"Mama, mtu hatetei mahali asipopajua. Niache niwalete wanakwaya wetu siku ya Pasaka. Wale, waimbe, walale chini ya miti. Wengi ni wazaliwa wa hapa hapa. Siku ya mkutano watasimama na wewe."

Evalina akakubali. Kwa miguu, wageni wangepita pembeni ya mgunga kwa ruhusa yake bila kuigusa kamba, na sharti lisingevunjika. Lakini wageni walikuja na lori, limejaa masufuria, ngoma, watoto, na bibi mmoja mwenye goti bovu. Lori likasimama mbele ya kamba, likinguruma; pembeni ya migunga matope yasingelibeba.

"Mama, fungua tupite," Jenipha akaita kutoka juu.

"Shukeni. Tutabeba vitu kichwani."

"Na bibi naye tumbebe kichwani?" Watu wakaangua kicheko. "Mama jamani, ni kamba ya majani tu!"

Evalina alimtazama yule bibi, aliyevaa kitenge chake cha sikukuu na kutabasamu kwa aibu kana kwamba goti ni kosa lake. Akaona haya kumshusha matopeni mgeni wa rika la mama yake. Akafungua.

Na mchana ule ulikuwa mzuri. Hilo lazima lisemwe. Wavulana walifunga bembea kwenye mkwaju. Wasichana walicheza rede hadi sauti zikakauka. Watoto waliokulia kwenye nyumba za kupanga walilala kifudifudi kwenye majani marefu, wakaona digidigi akikimbia, wakapiga mayowe kama waliomwona simba. Mwalimu wa kwaya, Januarius, mtu wa miraba minne, alivua viatu na kuzamisha miguu mahali maji ya chemchemi yalipotiririka kutoka chini ya mkuyu.

"Kumbe tunapo mahali kama hapa," akasema, "halafu kila Pasaka tunakaa kwenye viti vya plastiki tukitazamana! Mama, wewe tuite tu. Siku ya mkutano tutakuja wote."

Evalina aliwapakulia wali, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule aliruhusu moyo wake kutumaini.

Jua lilipoanza kuinama, alisikia kengele za ng'ombe.

Alikimbia mpaka mlangoni. Kundi kubwa lilikuwa limekwisha kuingia, mbavu za kila ng'ombe zikihesabika. Nyuma yao alisimama mchungaji aliyeegemea fimbo, Selestini, aliyetoka upande wa Mwandoya ambako mvua zilikuwa zimewanyima.

"Mwadila, mayu," akamwamkia kwa adabu, kama mtu amwamkiavyo mama yake.

"Mwadila. Mwanangu, warudishe ng'ombe! Ngitili haijafunguliwa."

"Kamba iko chini, mayu. Sikuishusha mimi. Nimemwuliza dereva wa lori, akaniambia imeshushwa na mwenye ngitili."

"Ilikuwa kwa ajili ya wageni tu."

Selestini aliwatazama watu waliokuwa wakicheza, kisha akawatazama ng'ombe wake.

"Wageni?" akauliza taratibu. "Na mimi ni nani?"

 Kwa kinywa kile kile ambacho angemfukuzia, Evalina angekuwa amelikanusha sharti alilolirithi. Akasogea pembeni ya njia.

Habari ya ngitili iliyofunguliwa katikati ya mvua ilisafiri kwa kasi kuliko moto. Kesho yake yakaja makundi mengine, na mengine. Majani yakaliwa yangali machanga, kabla ya kudondosha mbegu. Chemchemi ikakanyagwa na kwato mpaka ikawa tope, kisha tope likawa gumu kama kigae. Kiangazi kilichopita wanawake walikuwa wamemwombea Evalina heri. Sasa walipita na ndoo tupu bila kumwangalia.

Bujiku alimkuta akiifukua chemchemi kwa jembe.

"Shemeji, umenirahisishia," akasema. "Nilidhani nitapambana na msitu. Kumbe tutagawana vumbi."

"Mvua zitarudi, Bujiku. Tukifunga tena, majani yataota."

"Tukifunga? Nani atakuamini, wewe uliyefungua kwa ajili ya pilau?"

"Ulikuwa wali mweupe," Evalina akasema, na ndipo alipojisikia jinsi alivyokuwa amechoka.

Siku ya mkutano alisimama mbele ya watu akaomba ngitili ipumzishwe, hata kwa misimu michache. Wanakwaya hawakuja, ilikuwa siku ya kazi. Alikuja Januarius peke yake, amebeba simu. Akawapitishia watu picha za Pasaka: majani yamfikiayo mtoto kifuani, bembea, maji yakimetameta kwenye vidole vya miguu yake.

Bujiku aliipokea simu, akaitazama kwa muda mrefu, akairudisha.

"Mwonyesheni mwalimu njia," akasema, "ili atupeleke huko kwenye picha."

Watu walicheka, kisha wakanyoosha mikono, na wengi waliinyoosha kumuunga mkono Bujiku. Hata Evalina hakuweza kuwachukia. Walikuwa wanapigia kura walichokiona kwa macho.

Migunga miwili ya mlangoni ilianguka kwanza, ikawa mkaa. Mkuyu ukafuata. Maksai mmoja alikufa kabla ya mvua, na yule mwingine Evalina alimwuza akiwa mifupa, kwa sababu maksai mmoja halimi. Mahali pa bembea pakapandwa pamba.

Pasaka ilipokaribia tena, Jenipha alipiga simu.

"Mama, watoto hapa hawanipi raha. Wanauliza: mwaka huu tunakwenda tena kule kwa bibi, kwenye miti?"

Evalina alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mbele yake palikuwa wazi mpaka mwisho wa macho, na upepo ulipita juu ya pamba bila kukutana na kitu cha kuuzuia. Akaishusha simu kutoka sikioni. Jenipha aliita, "Mama? Unanisikia, mama?" hata simu ikakatika.

Wewe uliyesoma haya, usiyakalie. Mpelekee mwenye ngitili ambayo bado imefungwa, na kama hajui kusoma, msomee kwa sauti, kabla wageni wake hawajafika.