Mlango wa Agripina

Mume wangu Senafonti alikuwa amepiga magoti kwenye tope, msumeno mkononi, akiukata mlango wa jikoni kwa marehemu Agripina. Na mwenye mlango, mumewe, alikuwa anapanda kutoka ufukweni kuja kwetu.

"Senafonti," nikamwambia, "Mjomba Makari huyo."

"Na aje. Mlango ni wake."

Hakuinua hata kichwa. Unga wa mbao ulimwagika kwenye buti zake, wa kijani kwa rangi ya mlango, na msumeno ukaendelea na wimbo wake uleule, bila haraka. Seremala yule sikupata kumwona akiharakisha mbao maishani mwake.

Ilikuwa kiangazi cha huku kaskazini, jua halitaki kuzama, samaki wa samoni wanarukaruka mtoni kana kwamba hapajatokea kitu. Lakini kilikuwa kimetokea. Mwishoni mwa baridi, tukiwa kwenye mfungo wa Kwaresima, ardhi ilitikisika, kisha bahari ikajivuta nyuma, ikarudi imesimama. Tulikaa mlimani tumejifunika mablanketi, tukisikiliza nyumba zetu zikigongana huko chini kama mashua zilizokatika kamba. Agripina, mke wa Makari, alishuka kuchukua ikoni ya mama yake, picha takatifu ya ukutani. Ikoni iliokotwa. Yeye hakuonekana.

Sasa tulikuwa tumerudi na mashua ya Makari kuchimbua kilichobaki: masufuria, cherehani, kengele ya kanisa. Asubuhi tungeondoka. Watu wa serikali walituahidi nyumba mpya kwenye ghuba nyingine, na wote walingoja neno la Makari, maana yeye ndiye mkubwa wetu. Akisema twende, tunakwenda. Na mimi nilijua tukienda imekwisha: mwenye dada mjini atashukia mjini, mwenye shemeji kisiwa cha pili atakwenda huko, na kijiji chetu kitabaki jina la kutajwa makaburini.

Wenzake wakichimba, Senafonti alikusanya mbao. Sakafu ya huyu, rafu ya yule, benchi la kanisani. Mimi, mwanangu Matrona mgongoni, nilinyoosha misumari iliyopinda, nikiigonga juu ya jiwe mmoja mmoja. Mawe ya jiko Senafonti alikwenda kuyachagua mwenyewe mlimani, kwa sababu jiwe la mtoni lina maji tumboni. Ukilipasha moto linapasuka na kumtoa mtu jicho. Jiko lenyewe lilikuwa pipa la mafuta lililoletwa na wimbi.

Binamu yake Zakari alisimama akamtazama, mikono kiunoni.

"Wewe, wimbi lilikupiga kichwani nini? Nyumba huna, kanisa hatuna, unajenga banya?"

"Ndiyo. Harufu yako imezidi."

Tulicheka, sisi wanawake tukacheka zaidi. Lakini Zakari hakuondoka. "Sema kweli, ndugu yangu. Bafu la mvuke la siku moja la nini?"

"Mtu mwenye tope masikioni haamui jambo kubwa," Senafonti akasema. "Aoge kwanza. Akishaoga, aseme analotaka."

Makari akafika. Alisimama mbele ya ule mlango, kofia mkononi.

"Umeukata mlango wa Agripina."

Nyundo yangu ikasimama hewani.

"Nimeukata chini, Mjomba, maji yalikokula. Juu sijagusa." Senafonti aliuinua, akauegemeza kwenye goti lake. "Tazama hapa."

Karibu na ukingo palikuwa na duara dogo, rangi imelika mpaka mbao ikawa laini kama kijiko cha zamani. Agripina alikuwa akiusukuma mlango pale kila siku kwa kiganja chenye unga, mkono wa pili umeshika sinia la mkate au samaki. Sote tulikuwa tumemwona akifanya hivyo. Nani angedhani mlango nao ulikuwa unamkumbuka?

"Mlango wa banya ni mfupi," Senafonti akasema taratibu. "Mtu ataingia ameinama. Ukiinama, mkono wako utafika papo hapo."

Makari akavaa kofia yake. Aliteremka ufukweni, nami nikajiambia, basi, ndiyo hivyo. Mume wangu aliufunga mlango kwenye bawaba kana kwamba amepewa ruhusa.

Jioni moshi ulipanda, wa kwanza katika ghuba ile tangu bahari ilipopanda. Wanaume wakaingia. Makari alikuja wa mwisho na matawi mabichi kwapani, ya kujipigapiga mwilini kwenye mvuke. Mlangoni alisimama. Nilimwona akiweka kiganja pale, akikituliza. Kisha akainama.

Sisi tulikaa nje na birika la chai, tukisikia mawe yakilia na watu wakipiga kelele.

"Ongeza maji!"

"Mjomba, unatuua!"

"Tokeni basi, mkanyonye!"

Zakari alitoka kwanza, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, tukamzomea. Makari alitoka nyuma ya wote, mvuke ukimpanda mabegani. Akakaa juu ya gogo, akanywa chai yake yote, akapangusa masharubu. Macho ya kila mtu yalikuwa kwake.

"Kuni ni chache," alisema. "Za kesho nani anapasua?"

Zakari alivaa buti bila soksi, akaenda kutafuta shoka.

Nyumba nyingine zote Senafonti alizijenga baadaye palepale, na kanisa, na mashua ambazo wajukuu wanavulia hadi leo. Watoto wetu sita alimpimia kila mmoja kitanda. Mlango ule aliupaka rangi mara nyingi, akilizunguka lile duara kwa ncha ya brashi, ulimi nje kama mtoto.

Tulimzika majira ya baridi yaliyopita, katika jeneza alilokuwa amelipiga randa mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kwenye kuunga pembe za mbao. Siku ya arobaini, baada ya sala na chakula, tuliwasha banya. Nilikwenda polepole, magoti haya si yale. Nikaweka mkono mlangoni, penye lile duara. Palikuwa pamepanuka. Sasa panatosha kiganja kizima na vidole vyake.

"Mama, ingia basi," Matrona akaita kutoka ndani, "joto linatoka!"

Nikainama.