Kijiti Kisicho na Kichwa

Mara tatu Mbaabu alikiingiza kile kijiti katikati ya tita, na mara tatu akakitoa. Jua lilikuwa limeshapanda. Nje ya kibanda soko la Kangeta lilikuwa limechangamka kama kawaida yake, wachumaji wakishusha magunia, wanunuzi wakiichambua miraa na kuitia hata kasoro isiyokuwa nayo. Ndani, mtu mzima wa miaka thelathini na sita alikuwa amekaa juu ya gogo, jani la mgomba mapajani, akitokwa na jasho kwa kazi ambayo angeweza kuifanya huku akisinzia.

Tita lile halikuwa la kuuzwa. Lilikuwa ncoolo, miraa ya posa. Kule Igembe hata watu wa kanisani wasiotafuna hawafungui mdomo kuomba mke kabla tita hilo halijafika kwa baba wa msichana. Baba hulifungua mbele ya wageni. Akiona vijiti vimenyooka, vyekundu, kila kimoja na kichwa chake, hutafuna kimoja na mazungumzo yakaanza. Lakini kwa wazee wanaoshika ya kale, kama alivyokuwa Mzee Naftaly aliyekuwa akiletewa posa siku ile, kijiti kimoja tu kilichokatika kichwa kilitosha. Kilimaanisha kwamba nyumba iliyotuma haina moyo mmoja. Tita lingefungwa tena, lingerudishwa kwa heshima, na wageni wangerudi walikotoka bila hata kunywa chai.

Hakuna aliyewahi kukuta kijiti kama hicho katika kazi ya Mbaabu. Kwa miaka kumi na minne wazee wakitaka ncoolo hawakuuliza ni nani aifunge, waliuliza tu yuko wapi. Hakuwa na mke, hakuwa na shamba la kujivunia, na maneno yake kwa siku nzima yangejaa kiganjani. Alichokuwa nacho ni mikono, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa jina lake.

Na tita lile lilikuwa la Mwirigi.

Mwirigi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kucheka na kuchekesha, na kwa miaka sita alikuwa mpenzi wa Mbaabu. Neno hilo halijawahi kutamkwa na mtu yeyote, hata na wao wenyewe. Baada ya shule Mwirigi alikuja kibandani na madaftari ya watoto, akasahihisha huku mwenzake akifunga miraa, na watu walipopita walisema, "Mwalimu na mucoore wake," yaani na rafiki yake, wakaendelea na safari zao. Jumapili walikaa benchi moja. Mhubiri alipowalaani watu wa namna yao, jambo ambalo hakuchoka kulifanya, waliitikia amina pamoja na wengine. Mbaabu alikuwa akiitikia kwa sauti kubwa kidogo kuliko majirani zake, asije mtu akamtazama mara mbili.

Kisha mama yake Mwirigi akaanza kulia kila akiona mtoto wa jirani. Baba yake mdogo, Bundi, mtu wa maamuzi ya haraka, akamtaja Kathure, mwalimu mwenzake Mwirigi, binti wa mwisho wa Mzee Naftaly. Mwirigi hakukubali wala hakukataa. Wakakihesabu kimya chake kuwa ndiyo.

Alhamisi baada ya shule alikuja kibandani bila madaftari, akasimama mlangoni.

"Baba mdogo amesema ni wewe utafunga," alisema.

"Nimeambiwa."

"Weka moja mbaya."

Mbaabu aliendelea kuchambua. "Moja gani mbaya?"

"Unajua. Hiyo haina kichwa. Mzee akiiona atarudisha, na mambo itaisha hapo."

"Mwambie Bundi wewe mwenyewe. Mwambie hutaki."

"Nimwambie sitaki juu ya nini? Kathure ana makosa gani? Akiniuliza hivyo, Mbaabu, nitamjibu aje?"

"Na mimi wakiniuliza?"

"Wewe watasema ni bahati mbaya. Mtu hukosea. Watakusamehe."

Wote wawili walijua kwamba si kweli. Mfungaji anayeharibu posa ya watu haitwi tena, na mtoto wake, akiwa naye, hukumbushwa.

"Nikiingia kwa hiyo nyumba nitakufa," Mwirigi alisema polepole. "Sio ile kufa ya kuzikwa. Ile ingine."

Akaondoka. Mbaabu aliijua ile nyingine. Alikuwa akiishi ndani yake tangu Februari, tangu alipopanda mti mmoja mkongwe huko juu ya kijito, mapema kabla ya wachumaji kufika, akakaa kileleni bila kuchuma hata kijiti. Alikaa hadi mikono ikafa ganzi. Alikuwa akifikiria jinsi ambavyo kuchoka kwake kote kungeisha, na halikumtisha wazo hilo, na kule kutotishika ndiko kulikomtisha baadaye. Mvua ilianza kunyesha akashuka. Hakuwa na sababu nyingine ya kushuka.

Wiki iliyofuata alikwenda kliniki mjini. Sista aliyempokea alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Unalala?"

"Silali, sista."

"Tangu lini?"

"Hata sikumbuki."

"Ni nini hiyo unafikiria usiku?"

"Ni hii kazi tu. Miraa haiwachi mtu alale."

Alikuwa akidanganya, na alijiona akidanganya. Miezi minne ilikuwa imepita hajatafuna. Sista akampa vidonge, akamkataza miraa, akaandika kwenye kadi siku za kurudi. Alirudi mara tatu, na mara tatu akaitaja kazi. Mara ya mwisho sista aliweka kalamu chini.

"Next time uje na mtu wako wa karibu," alisema. "Yeyote. Hii kitu haibebwi na mtu mmoja."

Akachora mstari kwenye kadi, wa kuandikia jina la mtu huyo. Tarehe ya kurudi ilikuwa Alhamisi ijayo, saa tatu. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati la Mbaabu wakati huu akiwa juu ya gogo, na mstari ule ulikuwa mtupu. Jina alikuwa nalo. Alikuwa nalo moja tu.

Akapiga moyo konde. Mara ya nne alikiingiza kijiti kile katikati ya tita, akavuta kamba ya mgomba, akakaza fundo, akafunika kwa jani. Kwa nje lilikuwa tita zuri kuliko yote aliyowahi kufunga, na hilo lilimuuma pia.

Walikuwa watu saba waliokwenda kwa Mzee Naftaly, Mbaabu akiwa wa mwisho katika mstari, tita mikononi. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, viti vya kanisa vimeazimwa, na sebuleni kulikuwa na maombi marefu ya kuibariki shughuli. Kathure aliwakaribisha mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke mtulivu wa miaka thelathini na moja, mwenye macho ya mtu aliyezoea kungoja, na Mbaabu hakuweza kumchukia hata alipojaribu.

"Baite, jamaa zetu," Bundi alisema aliposimama, "sisi hatuna maneno mengi. Maneno yetu ni hayo amebeba huyo."

Mbaabu alisogea, akaliweka tita mbele ya mzee. Mwirigi alikuwa amekaa karibu na mlango, katika suruali iliyopigwa pasi. Macho yao yalikutana. Mbaabu aliinamisha kichwa kidogo sana, kumwambia kwamba limefanyika, lakini Mwirigi alikuwa amekwisha kutazama chini.

Mzee Naftaly alivaa miwani. Alikuwa mgonjwa wa kifua na mikono yake ilikwenda taratibu. Akafungua jani. Akafungua kamba. Akavitandaza vijiti kidogo kidogo kwa vidole vya mtu aliyefungua posa za mabinti wanne, na nje jogoo akasikika akiparua.

Vidole vikasimama.

Mbaabu alikiona. Mzee alikiona. Kilikuwa pale kati ya kidole gumba na cha shahada, kifupi, kimekatika juu. Mbaabu alihisi pumzi yake ikishuka mpaka tumboni kwa mara ya kwanza tangu Februari. Imekwisha, alijiambia. Sasa atalifunga. Jina limekwenda, na liende.

Mzee alikohoa. Akajifunika mdomo kwa mkono, akainama, akakohoa tena kwa muda mrefu, na mkono ule ulipotoka mdomoni ulipitia mfuko wa koti. Akachagua kijiti kingine, kirefu, chekundu, akakiinua watu wakione. Akakimenya kwa meno.

"Ni nzuri," alisema. "Haina doa. Leteni chai."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bundi akampiga Mwirigi mgongoni. Vijiti vikaanza kupita mkono kwa mkono, hata kwa wale wa kanisani, ambao siku hiyo husema wanaonja tu. Mbaabu alibaki amechuchumaa palipokuwa na tita, mikono mitupu, kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta.

Baadaye mzee alimwita nyuma ya ghala, akijikongoja na mkongojo wake. Akatoa kitu mfukoni akakiweka kwenye kiganja cha Mbaabu.

"Chukua kitu yako."

Mbaabu alikunja vidole juu yake.

"Kijana, mkono yako haikosei. Hii haikuingia yenyewe." Mzee alivuta pumzi kwa shida. "Kama ulikuwa unataka Kathure, ungekuja mapema useme. Ningekusikiliza. Si mtu mbaya wewe."

Ilikuwa nusura Mbaabu acheke. Akakimeza kicheko.

"Mimi niko na siku chache," mzee aliendelea. "Huyu Kathure nilirudishia watu ncoolo yake miaka saba imepita, na hakuna mtu alikuja tena. Leo sitarudisha. Hata ingekuwa tita yote haina vichwa, singerudisha. Na hii maneno inabaki hapa kwa ghala." Akageuka aende, kisha akasimama. "Tafuta bibi, Mbaabu. Mtu akikaa peke yake hufikiria sana."

Kwenye mtungi wa kunawia mikono, kando ya jiko la nje, Mbaabu alimkuta Mwirigi amesimama peke yake. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya vidole vyake na hakuwa akinawa.

"Umefunga vizuri," Mwirigi alisema bila kumtazama. Sauti yake ilikuwa tambarare. "Vizuri sana."

Kijiti kilikuwa ndani ya ngumi ya Mbaabu. Ilihitajika kukunjua vidole tu. Lakini aliuona uso wa Mwirigi, akaona kwamba hasira ile ndiyo iliyokuwa imemshikilia asimame, kwamba ataingia nayo kanisani na ataishi nayo kwa miaka, akimlaumu rafiki aliyeogopea jina lake mwenyewe. Akijua kwamba kijiti kiliwekwa na kikaonekana, kwamba mlango uligongwa kweli, na wenyewe wakausikia, na bado haukufunguliwa, atabaki na nini? Mbaabu aliujua mti ule wa Februari. Hakutaka Mwirigi aujue.

"Ndiyo kazi yangu," alijibu.

Kathure alifika na taulo, akampa Mwirigi, akamgeukia Mbaabu kwa tabasamu la aibu.

"Wewe ndiye utasimama na yeye kanisani, ama? Amesema hana mwingine wa karibu."

"Nitasimama," Mbaabu alisema.

Aliondoka kabla ya chakula, akisema kuna mzigo unamngoja. Kibandani hapakuwa na mzigo. Soko la asubuhi lilikuwa limekwisha na wafagiaji walikuwa wakikusanya majani yaliyotupwa. Aliketi kwenye gogo lake, akatoa kadi ya kliniki, akaisoma tarehe, akausoma mstari, akairudisha. Mwili ulimwuma kama wa mtu aliyelima kutwa. Hakulia, kwa sababu hata kulia kulitaka nguvu.

Mikono ilianza kabla yeye hajaiambia. Ilichana kamba nyembamba ya mgomba, ikatafuta jani changa, ikalipangusa vumbi. Ikakilaza kijiti kile juu yake, ikakinyoosha ingawa hakikuwa na cha kunyooshwa, ikakifunika, ikazungusha kamba, ikakaza fundo la ncoolo, lile linalofunguka kwa kuvutwa mara moja tu. Mbaabu akakiweka mapajani kilivyofungwa, akageuza uso mlangoni, kama mtu aliyetumwa kuposa na nyumba nzima na sasa anangoja kuambiwa aingie.