Joto la Katapila

"Shika hapo, shemeji, usilegeze," fundi alisema, akikaza bolti ya mwisho ya bamba kwenye bomba la moshi la katapila. Chini ya bamba hilo alikuwa amepanga vibati vinavyogeuza joto kuwa umeme. Waya ulishuka hadi kwenye betri, kisha ukaingia chumba cha mlinzi ukingoni mwa machimbo. Humo alilala mume wa fundi huyo, mapafu yamejaa vumbi la mawe, akivuta hewa ya mashine ya oksijeni. Nguzo za umeme zilikuwa zimeanguka. Bila betri kujaa, mashine isingefika asubuhi.

"Kaka yangu alioa mke au gereji?" dereva alitania.

"Alioa vyote. Washa."

Injini ikanguruma. Mshale wa mita ulipanda kidogo, ukalala. Fundi akagusa bomba kwa mgongo wa mkono: vuguvugu tu. Ndipo alipoliona kosa lake. Siku aliyopima joto la bomba, katapila ilikuwa kazini. Injini isiyofanya kazi haitoi jasho.

"Chimba."

"Nichimbe nini? Hakuna aliyeagiza mawe."

"Chochote. Ipe mzigo."

Kijiko kikauma mwamba. Moshi ukawa mweusi, mshale ukapita katikati, na fundi nusura apige kigelegele. Kisha vumbi likainuka, likafuata upepo moja kwa moja hadi dirisha la mumewe. Akaona mkono ukipapasa pazia, ukishindwa kulifunga.

Akampungia dereva asimame. Mshale ukaanguka.

"Shemeji," dereva alisema, utani umemtoka, "tukichimba tunamuua, tusipochimba tunamuua."

Fundi aliingia chumbani. Aliloweka blanketi, akalipigilia dirishani, akaziba nyufa za mlango kwa matambara.

"Umeshanifukia?" mumewe aliuliza kutoka gizani, neno moja kwa kila pumzi.

"Bado. Kaburi lako sijalipatia fundi."

Mumewe alicheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Fundi alisubiri kiishe, kisha akatoka kumwagia mwamba maji kwa ndoo ili vumbi litulie, huku dereva akichimba taratibu.

Dizeli iliisha betri ikiwa nusu, jua likizama. Fundi akapunguza hewa ya mashine kidogo, ipate kufika alfajiri, akatazama midomo ya mumewe, akapunguza tena.

Nje, dereva alikuwa ameanza kuunga vipande vya waya ili mgonjwa ahamishiwe upande usiopata upepo. Havikutosha.

"Kesho nitatafuta vingine," alisema. "Na dizeli."

"Kesho," fundi alisema, akaketi karibu na mashine, sikio lake likifuata mlio wake.