Tumbo Sentimita Ishirini na Moja

TANGAZO
(limebandikwa mlango wa kliniki, zahanati ya mtaa wetu, Same mjini)

Mjamzito atakayefika kwa mara ya kwanza BILA MWENZA WAKE hatapokelewa.
Asiye na mwenza alete barua ya mtendaji.
Imetolewa na Mganga Mfawidhi.


1.

Wewe unayesoma, simama kwanza. Mimi nililisoma tangazo hilo nimesimama, wiki ya kumi na tisa, miguu imefura ndani ya kandambili za mume wangu kwa sababu zangu hazinienei tena. Naitwa Nakijwa, fundi cherehani, kibanda changu kiko nyuma ya soko.

Nina hasira. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa.


2. Yaliyobadilika
(daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho)

Mstari mweusi toka kitovuni kushuka chini. Umenyooka kuliko mshono wangu wowote.
Kiungulia. Mama mkwe anasema mtoto ana nywele nyingi.
Gauni la bluu: nimelifumua kifuani mara mbili.
Udongo. Nautafuna hadharani, kama karanga.
Pete haivuki kifundo cha kidole.
Kichwa.
Kichwa.
Kichwa.


3.

Kichwa ndicho kilichonipeleka kliniki. Dada yangu Namsifu alianza hivihivi: vidole, kichwa, halafu akasema haoni vizuri. Nyumbani wakasema kachezewa, wakamfukizia majani siku mbili. Hospitali wakasema ni kifafa cha mimba, na kwamba angeletwa mapema kupimwa presha angepona.

Mapema.

Nami nikaenda. Nesi Blandina akanitazama ubavuni, kushoto, kulia, akauliza baba yuko wapi. Nikasema yuko kazini. Akaninyooshea kidole mlangoni, kwenye tangazo.


4. Kajiru, mume

Na mimi nisikilizwe. Pale benchi zima ni wanawake. Ukiingia na mkeo mnaitwa mbele za watu, mnatobolewa vidole wote wawili, majibu mnapewa pamoja. Mimi siumwi. Akipima yeye akaonekana mzima, basi na mimi ni mzima. Si tulifunga ndoa kanisani, tukaambiwa ni mwili mmoja? Gereji nzima tunafanya hivyo, muulize yeyote.


5.

Mwili mmoja.

Basi vimba.

Tafuna udongo. Vaa gauni la bluu. Chukua kichwa hiki dakika mbili tu, nimalizie sare za watu.

Nilimwambia Kajiru yote hayo akiwa anakula makande niliyoyapika mimi. Alisema nimekuwa mkali siku hizi, eti ni mimba.


6. FOMU YA MJAMZITO ASIYE NA MWENZA
(ofisi ya mtendaji wa mtaa)

Jina la mjamzito: ............
Sababu ya kukosa mwenza (weka alama): amefariki / hajulikani aliko / amekataa mimba
Sahihi ya mwenza: ............

Nilimuuliza mtendaji, Bwana Mgonja, hii sahihi ya mwisho inatoka wapi. Akasema bila hiyo hagongi muhuri. Nikamuuliza marehemu husaini vipi. Akasema nisimletee ubishi, ana kikao.

Na tena, akaongeza akiwa ameshika kitasa, wewe mume unaye. Fomu hii haikuhusu.


7.

Marehemu shangazi yangu alikuwa mkunga. Alinifundisha kwamba kuanzia mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi, sentimita hukaribiana na wiki. Nikafunga kibanda, nikalala juu ya vitambaa, nikajipima kwa tepu ileile ninayopimia viuno vya wateja.

Ishirini na moja.

Wiki ya ishirini na moja, shangazi alisema, nyusi zimeota. Anameza. Anasikia. Huyu wangu anasikia cherehani: nikikanyaga anatulia, nikiacha anapiga teke. Vidoleni ana alama ambazo hakuna mwingine duniani aliye nazo.

Nililia kidogo, kwa furaha, nakiri. Halafu nikakaa, na kichwa kikarudi. Presha haipimwi kwa tepu.


8. Yaliyosikika benchini
(mara yangu ya pili)

— Mchukue yule wa pikipiki pale getini. Hata kwenye kadi yangu ndiye aliyeandikwa.
— Na yangu.
— Kumbe tu wake wenza!

Walicheka. Yule wa pikipiki akaja kwa adabu kabisa, kofia mkononi, akaniuliza, "Dada, unaitwa nani, nisije nikakosea mbele ya nesi?"

Mgeni huyu alikuwa tayari kuwa mume wangu robo saa. Nilitamani kumpiga, na hakuwa amekosa lolote. Nikamwambia asante, ninaye.


9. Blandina, nesi

Barua iliyotoka juu ilisema akina baba wahimizwe. Wahimizwe. Bosi wetu ndiye aliyeandika "hatapokelewa", na mimi ndiye niliyelibandika tangazo. Yule wa pikipiki namjua. Mwezi huu nimeshamwandika kuwa baba wa watoto wanne, kwa mkono wangu, kwa kalamu ya serikali. Kisha yule fundi akanipa karatasi.


10.

Kwa Mganga Mfawidhi.

YAH: MIMI

Mimi Nakijwa Mrutu nathibitisha kwamba mwenza ninaye. Yuko gereji, mzima, anakula vizuri. Amekataa kuja. Sitamuua kwenye fomu ili mnipime, wala sitamleta mwanamume wa getini.
Vidole vimevimba. Kichwa kinauma wiki ya tatu. Nilikuwa na dada.
Sahihi: yangu.
Shahidi: aliyemo tumboni. Alama za vidole anazo tayari, wino tafuteni ninyi.
Sitaondoka kwenye benchi hili mpaka


11.

Blandina aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakuniambia niondoke. Alinifunga mkanda wa presha, akaminya mpira. Mkono ukabanwa. Tumboni, teke moja.

Alitazama kipimo. Akafungua mkanda, akafunga upya, akapima tena.

Akaniuliza, taratibu, gereji ya Kajiru iko wapi. Akamwita yule wa pikipiki, akamwambia awashe, safari hii aende akamlete mwenye mke.

Kisha akaninong'oneza, "Nakijwa, mdogo wangu. Macho yanaona vizuri?"

Nikatazama mlangoni. Nikamwambia naona. Naona BILA MWENZA WAKE, yale maandishi makubwa. Haya madogo ya chini