Saa Moja ya Mgeni

Noreen Tattersall alikuwa amekaa kwenye sakafu ya bafu, mgongo ukiegemea beseni, kichwa cha Bibi Ada Clegg kikiwa mapajani mwake. Vigae vilikuwa vya baridi. Alikuwa ameshamfunika mzee kwa taulo zote za kabatini, akaongeza na koti lake mwenyewe, na bado mzee alitetemeka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeuka upande ambao mguu haugeuki.

"Wanakuja?" Bibi Ada aliuliza.

"Wako njiani, bibi."

"Ulisema hivyo chai yangu ikiwa bado ya moto."

"Basi sasa wamekaribia zaidi."

Mzee akacheka, maumivu yakamkatia kicheko katikati, akauma kona ya taulo.

Mtu wa simu ya dharura alikuwa amesema mambo mawili: usimsogeze, na usimwache peke yake. Ambulensi zilikuwa zimepanga foleni mbele ya hospitali na wagonjwa wao ndani, hakuna kitanda cha kuwashushia. Noreen alikuwa amepigia ofisi ili wazee wengine waliokuwa wakimsubiri wapelekewe mtu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka majumbani kuwaosha wazee, kuwavalisha, kuwapa dawa na kuwatia kitu tumboni. Alilipwa kwa muda wa kila nyumba tu. Barabarani alijilipia.

Gari lake lilikuwa chini, uani. Ua ule wakazi wa jengo na wageni wao walikuwa wakiutumia tangu jengo lilipojengwa, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kisha mwenye jengo akaukabidhi kwa kampuni ya maegesho. Wakaleta mlingoti wenye kamera langoni, na ubao wa njano ulioandikwa kwa herufi ndogo kama za maelezo ya vidonge. Mgeni: asizidi muda wa saa moja.

Ambulensi ilifika watoto wakirudi kutoka shule. Bibi Ada alishushwa kwa kiti maalumu, maana kitanda cha wagonjwa hakikuenea kwenye lifti. Kabla mlango wa gari haujafungwa alimshika Noreen kidole.

"Umekosa chakula cha mchana kwa ajili yangu, mwanangu."

"Nitakula mara mbili kesho," Noreen akasema.

*

Barua ilifika wiki iliyofuata. Ilikuwa na picha mbili: gari lake likiingia, gari lake likitoka. Faini ya pauni mia moja kwa kuzidisha muda, na punguzo akiwahi kulipa, kama nguo za mwisho wa msimu. Noreen alicheka. Aliamini mtu yeyote mwenye akili akisoma yaliyotokea atachana ile karatasi na kuomba radhi. Akawaandikia yote, hata habari ya taulo.

Wakamjibu kwamba wamezingatia hali yake na wanamhurumia. Hata hivyo, kwa kuingiza gari uani alikuwa ameingia mkataba nao, na mkataba ulikuwa wa saa moja.

Akaenda kwa Craig, msimamizi wake, kuomba aandikiwe kwamba siku ile alikuwa kazini. Craig alikuwa akila sandwichi ya mayai mbele ya kompyuta.

"Noreen, dada yangu, hilo ni lako na wao. Gari ni lako."

"Gari ni langu, kazi ni yenu. Nilikuwa pale kwa sababu mlinituma."

"Najua. Lakini mwenye lile jengo ndiye anayetupa nusu nzima ya wateja wetu. Nikianza kuandika barua za kugombana na watu wake..." Akafuta mdomo. "Si ungeshuka tu ukalitoa gari?"

"Nimwache sakafuni?"

"Dakika tano, Noreen. Nani angekulaumu?"

"Mama yako yuko hai, Craig?"

"Usimwingize mama yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Akianguka, nishuke kutoa gari?"

Craig aligeukia kompyuta. Mwezi ule nyumba za Noreen zikapungua. Hakuna aliyemwambia kwa nini, na alipouliza aliambiwa ni ratiba.

Bibi Ada hakurudi nyumbani. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga, mapafu yakajaa maji, akafa wodini. Noreen alinunua koti jeusi kwa ajili ya mazishi, kwa sababu lile la zamani lilikwenda na ambulensi na halikuonekana tena. Siku mbili baada ya mazishi, akapigia kampuni. Alisubiri huku muziki wa piano ukimchezea sikioni, hadi sauti changa ya msichana ikapokea.

"Naona hapa unadai kulikuwa na dharura," msichana alisema. "Huyo bibi anaweza kututhibitishia?"

"Amekufa."

"Oh. Pole sana kwa msiba." Vidole viligonga kibodi. "Una nakala ya cheti cha kifo?"

"Mimi si ndugu yake. Mimi nilikuwa namuosha tu."

"Basi kitu chochote cha hospitali."

"Hospitali hawampi habari za mgonjwa mtu asiye ndugu."

"Naelewa. Ila bila uthibitisho mfumo hauniruhusu."

"We mwanangu, mfumo una mikono? Umewahi kumshika mtu aliyevunjika nyonga?"

Msichana akasema, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, "Naomba usinifokee, mama. Wanarekodi." Akamsomea namba ya akaunti ya kulipia.

Deni likauzwa kwa wakusanya madeni, nao wakaongeza ada yao. Bahasha zikawa na mstari mwekundu. Moja ilitaja wadalali watakaokuja nyumbani kukamata mali. Noreen aliangalia sebule yake, televisheni na kochi ambalo bado alikuwa akililipia, akajiuliza wataanza na lipi.

"Lipa yaishe," dada yake Hilary alimwambia. "Nitakukopesha."

"Silipi."

"Kiburi hakikulishi, Noreen."

"Si kiburi. Nikilipa nitakuwa nimekubali kwamba ilinipasa nimwache pale chini." Sauti ilimpanda, jirani akagonga ukuta. Akamgongea na yeye.

*

Mwishowe wadai wakamshtaki mahakamani. Siku ya kesi alipoteza malipo ya kutwa nzima. Alivaa lile koti la mazishi. Usiku alikuwa ameyapanga maneno yake, na ndani ya basi aliyarudia kimoyomoyo: sakafu, mguu, simu ya dharura, nisingemwacha. Alitaka yasikilizwe na mtu mwenye mamlaka, hata kama angeshindwa.

Korido ya mahakama ilikuwa na viti vya plastiki na watu walioshika bahasha. Noreen aliutambua ule mstari mwekundu kabla hajasoma jina juu ya bahasha. Karibu kila goti lilikuwa na yake.

Kijana wa suti ya kijivu alimjia akiburuta sanduku la magurudumu.

"Bi Tattersall? Habari njema. Wateja wangu wameyaondoa madai. Uko huru kwenda."

Noreen hakuelewa. "Hakimu ameamua?"

"Hakuna haja ya hakimu. Yameondolewa."

"Kwa nini leo? Miezi yote hii mmenitisha na wadalali."

"Ni uamuzi wa kibiashara tu."

"Mimi nataka kusema nilichokuja kusema."

"Hakuna kesi tena, bibi. Hakuna cha kusema." Alikuwa ameshaanza kusoma jina linalofuata.

Noreen akamfuata karani aliyekuwa mlangoni. Karani alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani.

"Umeshinda, mpenzi," karani alimwambia kwa upole. "Nenda kanywe chai."

"Sijashinda. Hakuna aliyesema wamekosea. Sijaulizwa hata jina la yule mzee."

"Ndivyo wanavyofanya kwa wanaofika wamejiandaa." Karani aliangalia pembeni kabla ya kuongeza, "Si wengi wanaofika."

Nyuma yake, kijana wa suti aliita, "Bwana Eckersley?" Mzee mmoja akainuka, kofia mkononi, kifaa cha kusikilizia kikipiga mluzi sikioni. Sauti ya kijana ililainika kama ya mjukuu.

"Tukiingia mle ndani, mzee, gharama zinaweza kupanda. Ukitia saini hapa sasa hivi nakupunguzia, unalipa kidogokidogo."

"Nilimpeleka mke wangu kliniki," mzee alisema. "Mashine ya maegesho haikupokea sarafu."

"Naelewa kabisa. Ni hapa tu."

"Usitie saini!" Noreen alipaza sauti. "Baba, usitie! Mimi wameniondolea sasa hivi! Ingia kwa hakimu!"

Korido nzima ikageuka. Mzee aliinamisha kichwa, akikigeuzageuza kile kifaa sikioni. "Anasema nini huyo mama?"

"Ana mambo yake," kijana alisema. "Usijali."

Mlinzi alikuwa ameshamshika Noreen kiwiko. Alimshika bila ukali, kama mtu anayefanya hivyo kila siku. "Twende nje, dada. Shughuli yako imekwisha."

"Baba! Niangalie mimi!"

Bwana Eckersley alimwangalia, kwa aibu, kama mtu anavyomwangalia mlevi kwenye basi. Akamwomba radhi kijana kwa usumbufu. Kisha akapokea kalamu, akaiweka karatasi juu ya lile sanduku la magurudumu, akainama.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapo," kijana alisema, akamshikia karatasi isiteleze.