Bakuli la Doto

Baba yangu aliitwa Kulwa, na Kulwa asiye na Doto ni jina la kuumiza. Pacha wake alikufa bado ananyonya, lakini mama yao, Bibi Paskazia, hakukubali kamwe. Kila jioni, nyumbani kwetu Ushirombo, alipakua bakuli la baba na jingine dogo la Doto, ambalo chakula chake baadaye tulikula sisi watoto. Alisema Doto amechelewa tu, atarudi kwa tumbo la mama yangu.

Basi mama akawa wa kubeba mimba tu. Tulizaliwa saba, mmoja mmoja. Bibi alimlisha ndizi zilizoshikana ili azae mapacha, kwani Doto huja wa pili, na kila alipojifungua mmoja alisonya kana kwamba ameibiwa. Baba je? Mwanamume mzima, wa kuangusha fahali, mbele ya mama yake aliufyata. Mpaka leo nikikumbuka kimya chake natamani kumzaba kibao, Mungu anisamehe.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya, nami, Justina, nimeshaanza kuchumbiwa, mama alishika mimba ya nane. Nesi Generoza wa zahanati alimpima tumbo, kisha akamgeukia bibi.

"Bibi, humu mna mtoto mmoja. Mapacha wasiofanana hutokea mwanamke anapopevusha mayai mawili kwa mpigo, na hilo mwanamke hulirithi kwenye damu ya kwao. Kwao Mama Justina hakuna. Mwanao kuzaliwa pacha hakumpi mkewe mapacha."

"Na ndizi?"

"Ndizi ni chakula tu. Labda umri na kuzaa mara nyingi, hivyo huongeza kidogo uwezekano wa mapacha. Lakini uzazi mwingi huchosha mfuko wa uzazi, ukashindwa kujikaza, mama akaishiwa damu. Huyu akazalie hospitali, tafadhali."

Bibi alisikia alichokitaka. Njiani alikuwa anacheka peke yake.

"Umri anao, uzazi anao," aliniambia. "Safari hii wanakuja wawili."

Uchungu ulimkamata mama ghafla alfajiri, akajifungulia nyumbani, mtoto mmoja wa kiume. Tumbo likabaki kubwa, tena laini, na damu haikukatika. Baba akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni ili tumkimbize hospitali. Bibi akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Subirini! Wa pili hajatoka. Mnataka Doto azaliwe barabarani?"

"Mayu, anatoka damu," baba alimwambia mama yake.

"Kulwa, mimi nimezaa mapacha. Wewe umezaa nini?"

Baba akakaa chini. Akakaa! Mimi nilisimama kando ya kitanda na sufuria ya maji ya moto, nikimwangalia bibi akilipapasa lile tumbo kwa upole, akimwita Doto kwa jina. Mama alinitazama.

"Justina, nasikia baridi," alisema.

Hakusema tena. Tulipomfunika, ng'ombe walikuwa bado wamefungwa kwenye mkokoteni, wanacheua.

Mtoto naye hakuimaliza wiki.

Niliolewa Katoro. Uzazi wangu wa pili nilijifungua wawili, wa kike na wa kiume, nyuso mbalimbali kabisa. Nilipokwenda kumsalimia Nesi Generoza nikamuuliza imekuwaje. Alisema mwanamume aliyezaliwa pacha hampi mkewe mapacha, ila anaweza kumrithisha binti yake damu hiyo ya mapacha.

Bibi alikuja na lile bakuli dogo, analia kwa furaha.

"Si niliwaambia? Si niliwaambia atarudi?"

Baba alimfuata nyuma, macho chini. Ningewatukana wote wawili, lakini matusi hayanirudishii mama. Nilimpa bibi mtoto ampakate. Doto waliyemngoja siku ile hakuwamo tumboni mwa mama hata kidogo. Alikuwa kwangu, niliyesimama kando ya kitanda, nimeshika sufuria ya maji yaliyokuwa yanapoa.